Skuta: maswali tunayoulizwa kila wiki gerejini, Mwanga, Kigoma

Gereji yetu ipo Mwanga, na kazi inayotulisha ni bodaboda na bajaji. Skuta huja moja moja: ya mwalimu kutoka Ujiji, ya mama mwenye duka Gungu, ya kijana aliyeagiza mtumba wa Japani ukamfikia kwa treni. Lakini kila inapoegeshwa pale mbele, watu hukusanyika na maswali hayaishi. Mengine ni ya historia, mengine ni ya mkanda na plagi. Nimeyaweka yote pamoja kwa sababu naipenda mashine hii tangu utoto, na inaniuma kusikia ikisemwa vibaya na watu ambao hawajaiendesha hata kutoka hapa kushuka stesheni.

Skuta ni nini hasa? Si pikipiki tu yenye tairi ndogo?

Tazama sehemu moja: mbele ya kiti. Kwenye pikipiki pale pamejaa tangi na injini, ndiyo maana unapanda kwa kurusha mguu na kuibana mashine kwa magoti. Kwenye skuta pako wazi. Unaingia kama unavyoingia mlangoni, unakaa kitako, miguu inatulia juu ya sakafu bapa, na mbele yake kuna ngao ya bati au plastiki inayokinga matope. Injini iko nyuma, chini ya kiti au ubavuni mwa gurudumu, imefunikwa isikuchafue wala isikuunguze.

Magurudumu madogo yanatokana na mpangilio huo, kwa sababu injini na gurudumu la nyuma lazima vyote vienee chini ya kiti. Skuta za zamani zilikuwa na rimu za inchi 8, za siku hizi nyingi ni 10 au 12. Bodaboda nyingi unazoziona hapa Kigoma zina inchi 17.

Na neno lenyewe limetoka wapi?

Ni Kiingereza, na mwanzoni lilikuwa jina la kile kibao cha watoto chenye magurudumu mawili na usukani, mguu mmoja juu, mwingine unasukuma ardhi. Waliovuka ziwa wakafika Goma wameiona chukudu, ile ya mbao inayobeba magunia ikiteremka mlima. Chukudu ni skuta kwa maana ya asili kabisa. Iliyokuja baadaye ni injini.

Kwetu watu wengi wa makamo hawasemi skuta. Wanasema vespa, jina la skuta ya Italia, hata kama imeandikwa jina jingine ubavuni. Unguja ndiyo kabisa.

Ya kwanza ilitengenezwa wapi?

Inategemea unaanzia wapi. Munich, Ujerumani, mwaka 1894, Hildebrand na Wolfmüller walianza kuuza pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na fremu yake ilikuwa wazi katikati. Ufaransa, mwaka 1902, Georges Gauthier alitoa Auto-Fauteuil, maana yake kiti cha mikono chenye injini, na kweli kilikuwa na egemeo la mgongo.

Lakini mimi naanzia Autoped ya New York, mwaka 1915. Hiyo ilikuwa kibao cha watoto kilichokua: injini ya cc 155 juu ya gurudumu la mbele, na mpandaji amesimama. Ukisukuma usukani mbele klachi inashika unaondoka, ukiuvuta nyuma klachi inaachia na breki inakamata. Ukifika uendako, mti wa usukani unakunjwa unaulaza. Kuna picha maarufu ya mwaka 1916 ya Lady Florence Norman, aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura Uingereza, amesimama juu ya Autoped mtaani London, akienda kazini. Kampuni ya Krupp ya Ujerumani nayo iliitengeneza kwa leseni. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1920 uzalishaji ulikwisha. Kusimama juu ya injini kwenye barabara mbovu kunachosha, na bei haikuwa ya mtu wa kawaida.

Kabla ya Vespa, Wamarekani walikuwa wamefika wapi?

Mbali kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1936, huko California, E. Foster Salsbury alitoa Motor Glide, na mwaka uliofuata akaiwekea mfumo wa mkanda unaobadilisha gia wenyewe. Skuta zote za sasa za kuvuta resi tu na kuondoka zinatembea kwa wazo hilo la mwaka 1937.

Mwaka huo huo wa 1936 kampuni ya Cushman ya Lincoln, Nebraska, ilitoa Auto-Glide. Vita vya pili vya dunia vilipokuja ikaundiwa ndugu wa jeshi, Model 53 ya mwaka 1944, ya kudondoshwa kwa parachuti pamoja na askari. Waingereza walikuwa na Welbike, kijipikipiki cha cc 98 kilichokunjwa kikaingia ndani ya kontena la parachuti. Vijipikipiki vya namna hii ndivyo Waitaliano waliviona vikipita na majeshi ya washirika, katikati ya miji iliyobomolewa.

Ni kweli Vespa ilibuniwa na mhandisi wa ndege?

Ni kweli, na kisa hiki ndicho ninachokirudia kwa kila kijana anayeletwa gerejini kujifunza.

Piaggio, kampuni ya Italia iliyoitoa Vespa, ilianzishwa mwaka 1884. Kufikia vita vya pili ilikuwa inatengeneza ndege, na kiwanda chake cha Pontedera ndimo ilimotoka P.108, ndege ya mabomu yenye injini nne. Pontedera ikapigwa mabomu ikawa kifusi. Vita vikaisha, Italia ikazuiwa kutengeneza ndege za kivita, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki hawana kazi. Barabara zimeharibika, petroli haipatikani, na watu wanahitaji kufika kazini. Enrico Piaggio, mwenye kampuni, akaamua kutengeneza chombo cha watu wote.

Jaribio la kwanza liliitwa MP5. Wafanyakazi wakalibandika jina la Paperino, ndivyo Waitaliano wanavyomwita yule bata wa katuni, Donald Duck. Enrico hakuridhika. Akamkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mtu aliyejulikana kwa helikopta: mwaka 1930 helikopta yake ilikaa angani dakika 8 na sekunde 45, rekodi ya dunia wakati huo. D'Ascanio hakuzipenda pikipiki kabisa. Aliona zinachafua nguo kwa cheni, zinachosha mwili, na tairi ikipasuka njiani ni balaa kuibadilisha.

Akayaondoa mambo hayo moja baada ya jingine. Cheni akaitoa, injini akaiunga moja kwa moja na gurudumu la nyuma. Gia akazihamishia kwenye mkono wa kushoto wa usukani, ukizungusha kiganja gia inaingia, kiatu hakiguswi. Gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu, upande mmoja, kama gurudumu la ndege linavyoshikwa, ili tairi ivuliwe kwa kufungua nati chache. Fremu ya vyuma akaiacha kabisa, bati lenyewe likakunjwa likawa ndiyo fremu, kama ndege inavyoundwa.

Mimi nimefungua pikipiki za kila namna, na mara nyingi naona fundi aliyeziunda aliifikiria injini kwanza, binadamu akatafutiwa nafasi baadaye. D'Ascanio alianza na binadamu aliyekaa, mwenye suruali safi, mwenye mzigo, mwenye safari ya kazini, akaizungushia mashine.

Hataza, yaani maombi ya haki ya ubunifu huo, iliwasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Injini ilikuwa cc 98, mwendo wa juu karibu kilomita 60 kwa saa. Mwaka huo zilitoka 2,484, mwaka uliofuata 10,535, na kufikia 1956 Vespa ya milioni moja ilikuwa imetoka.

Vespa maana yake nini?

Nyigu. Inasimuliwa kwamba Enrico Piaggio alipoiona, kiuno chembamba na makalio mapana, akasikia na mlio wake, akasema inafanana na nyigu. Jina likabaki.

Lambretta je? Wazee wa Tabora wanasema ilikuwa bora.

Ubishi huu hautaisha, na wazee wana hoja. Ferdinando Innocenti, mwenye Lambretta, alikuwa mtengenezaji wa mabomba ya chuma kule Lambrate, Milan, ambako mto Lambro ndio uliotoa jina. Lambretta ya kwanza ilitoka mwaka 1947. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mabomba, fremu yake ilikuwa bomba, na injini ikakaa katikati. Injini ya Vespa imekaa ubavu wa kulia, na anayeizoea huhisi uzito umeelemea huko. Lambretta inasimama sawa. Ukiigonga, unanyoosha au kubadili kipande cha bati, kumbe Vespa iliyokunjika bati imekunjika fremu.

Upande wangu bado ni Vespa, kwa ajili ya tairi. Nimeshabadilisha tairi ya Vespa kando ya barabara ya Mwandiga jua la saa nane, na nilimaliza kabla maji ya chupa hayajapata moto.

Innocenti ilisimamisha Lambretta mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mitambo ikauzwa kwa Scooters India, kampuni ya serikali ya India, kiwanda kikawa Lucknow.

Kwa nini viwanda vingi vya skuta vilikuwa vya ndege?

Kwa sababu nchi zilizoshindwa vita zilibaki na mafundi wa ndege, bati, mashine za kukandamiza bati, na amri ya kutotengeneza ndege. Japani, kiwanda cha Nakajima kilichokuwa kinatengeneza ndege za kivita kiligeuzwa kuwa Fuji, kikatoa skuta iitwayo Rabbit, yaani sungura, na kwenye mfano wa majaribio walifunga gurudumu la mkia la ndege ya mabomu ya Ginga lililokuwa limebaki stoo. Kampuni hiyo leo unaijua kwa magari ya Subaru. Mitsubishi ikatoa Silver Pigeon, njiwa wa fedha. Ujerumani, Heinkel ikatoa Tourist, na Messerschmitt ikaunda Vespa kwa leseni.

Kila nikifika hapa vijana wangu hunyamaza kidogo. Gurudumu lililoundwa kubeba ndege ya mabomu likaja kumbeba mtu na mboga zake kutoka sokoni.

Mbona Wajapani walikuja kutushinda na Honda Cub? Ile ni skuta?

Si skuta kamili. Mlango wa kuingilia upo, ngao ya miguu ipo, lakini injini imelala katikati mbele ya miguu, kuna cheni ndani ya kava, na magurudumu ni makubwa, inchi 17.

Sababu ya magurudumu hayo inatuhusu sana. Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walikwenda Ulaya mwaka 1956, wakaangalia mopedi, yaani baiskeli zenye injini ndogo, na skuta za huko. Zilipendeza kwenye lami ya Ulaya, lakini Japani ya wakati ule barabara nyingi zilikuwa za udongo. Gurudumu dogo linapoingia kwenye shimo linazama zaidi na kugonga ukingo kwa pembe kali, kubwa linalivuka. Kwa hiyo Super Cub ya mwaka 1958 ilichukua ukarimu wa skuta ikaufunga kwenye magurudumu ya pikipiki. Klachi ikawa inajiendesha yenyewe, ili mtu anayepeleka tambi za soba aendeshe kwa mkono mmoja, mwingine umebeba sinia. Mwaka 2017 walitimiza Cub milioni 100.

Ukijiuliza kwa nini Kigoma imejaa bodaboda na skuta ni za kuhesabu, jibu ni lile lile la Fujisawa. Panda kutoka Kibirizi wakati wa masika utalielewa bila mwalimu.

Bajaji inahusiana vipi na skuta?

Inahusiana kwa damu. Nalipenda swali hili kwa sababu jibu lake limeegeshwa hapo nje.

Mwaka 1948 Piaggio ilichukua Vespa ikaiongezea gurudumu nyuma na sanduku la mzigo, ikaiita Ape, yaani nyuki. Kule India, kampuni ya Bajaj ilianza kwa kuagiza Vespa kutoka Italia, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaanza kuziunda kwa leseni ya Piaggio, na vya magurudumu matatu vikatoka humo humo. Leseni ilipokwisha mwaka 1971, Bajaj ikaendelea na umbo lile lile kwa jina la Chetak, ambalo ni jina la farasi wa mfalme Maharana Pratap. Serikali ya India ilipanga idadi ya skuta ambazo kiwanda kinaruhusiwa kutengeneza, hivyo mtu aliandikisha jina lake akasubiri miaka, wengine hadi kumi. Inasimuliwa kwamba wengine waliandikisha skuta binti akiwa bado mdogo ili iwe tayari siku ya harusi.

Baadaye Bajaj ikaelekea kwenye pikipiki, ndiyo Boxer unayopanda kwenda Ujiji. Na ile ya magurudumu matatu ikatufikia hapa, jina la kampuni likageuka jina la chombo: bajaji.

Sasa toka nje uitazame. Usukani ni wa skuta. Kwenye zile za gia, mkono wa kushoto umeshika klachi na gia pamoja, unazungusha kiganja kama Vespa ya mwaka 1946. Tairi yake imeandikwa 4.00-8, na hiyo 8 ni inchi za rimu, kipimo kile kile alichotumia D'Ascanio. Kila mama anayeshuka kwenye bajaji sokoni Mwanga na ndoo ya dagaa ameshuka kwenye mjukuu wa Vespa.

Kwa nini vespa za zamani zilitoa moshi wa bluu?

Zilikuwa na injini ya mipigo miwili, tunayoiita tustroki. Ndani yake hakuna oili inayokaa chini kama kwenye injini ya mipigo minne. Oili inachanganywa na petroli, inalainisha pistoni na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikipita, kisha inaungua na kutoka. Moshi ni oili hiyo.

Baba yangu mdogo aliishi Ujiji na alikuwa na Vespa ya kijani. Kupimia oili alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi cha mililita 100, amekiosha, amekitundika kwa waya ndani ya boneti ya ubavuni. Kichupa kimoja kwa lita tano za petroli, basi. Alimimina oili kwanza, kisha petroli, akaitikisa skuta huku na huku ameishika usukani na kiti, nami nikiwa nimesimama sakafuni mwake nikidhani anaibembeleza. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, ni asilimia 2. Zile za mwanzo kabisa zilitaka asilimia 5.

Tustroki ziliondoka sokoni kwa sababu sehemu ya petroli hutoka na moshi kabla haijaungua, sheria za hewa safi zikabana, na injini za mipigo minne zikawa ndogo na nafuu. Honda Activa, iliyoingia sokoni India mwaka 2001, ndiyo iliyoirudisha skuta pale wakati wengi walishaizika.

Skuta ya automatiki inabadilishaje gia bila gia?

Kuna puli mbili na mkanda mmoja mpana. Puli ya mbele imefungwa kwenye injini, na ndani yake kuna vipande vizito vya mviringo, tunaviita rola. Ukivuta resi, injini inazunguka kwa kasi, rola zinarushwa kwenda nje, zinasukuma ukuta mmoja wa puli ujongee kwa mwenzake. Puli ikibanana, mkanda unapanda juu. Kwa kuwa mkanda haurefuki, kule nyuma puli inalazimika kufunguka na mkanda unashuka katikati. Ni kama umehama kutoka gia ndogo kwenda kubwa, ila bila ngazi, taratibu kama maji. Ukikutana na mlima, mwendo unapungua, springi ya nyuma inaibana tena puli ya nyuma, na unapata nguvu tena.

Rola zikilika upande mmoja zinakuwa bapa. Dalili yake ni skuta kuondoka kwa kushtuka au kukwama kwenye mwendo fulani hata ukiminya resi yote.

Mkanda unadumu muda gani kwa vumbi la Kigoma?

Pungufu ya kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Mwaka juzi nilifunga mkanda niliouziwa kama halisi. Wiki ya tatu, napanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni nimempakia binti yangu, nikasikia kishindo kimoja chini ya mguu wa kushoto, injini ikapiga kelele tupu na skuta ikasimama. Tukaisukuma hadi juu, yeye na begi lake la shule, mimi na jasho. Nilipofungua kava, mkanda ulikuwa umegeuka nyuzi, na kwenye puli kulikuwa na unga mwekundu unaoweza kuujaza kwenye kijiko. Mkanda ulikuwa hafifu, ndiyo. Lakini sponji ya kuchujia hewa inayoingia kwenye kava ilikuwa haipo, na hilo lilikuwa langu kuliona.

Kwa hiyo nawaambia wote: kila unapobadilisha oili ya injini, fungua kava la mkanda. Puliza vumbi. Osha sponji kwa sabuni, ikauke kabisa. Tazama upande wa ndani wa mkanda, penye meno. Ukiona nyufa badilisha, usingoje. Petroli na oili visiguse mkanda.

Si ni chombo cha wanawake?

Ni cha yeyote mwenye safari. Kinamfaa mwanamke kwa sababu za wazi: mwenye gauni, kanga au baibui anaingia na kukaa bila kurusha mguu, na hakuna cheni ya kumeza nguo. Pindo lifungwe hata hivyo, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Lakini kinamfaa pia shehe mwenye kanzu, mwalimu mwenye suruali nyeupe, na mwenye duka anayeweka dumu la mawese sakafuni, katikati ya miguu, uzito ukakaa chini usimyumbishe. Miaka ya 1960 vijana wa kiume wa Uingereza walizijaza Vespa na Lambretta vioo na taa, wakateremka nazo Brighton kwa makundi. Hakuna aliyewaambia ni za wanawake.

Ninunue ya mtumba kutoka Japani?

Ukiipata nzima, nunua. Ila nyingi ni za cc 50, zilizoundwa kwa mtu mmoja kwenye tambarare. Ukimpakia mtu ukapanda nayo kutoka bandarini, utaichosha. Kwa Kigoma tafuta cc 110 au 125, rimu inchi 12 ikiwezekana, yenye injini ya mipigo minne. Hakikisha namba ya injini na ya fremu zinafanana na kadi, na usajili wa TRA umekamilika, maana inahitaji namba ya MC na dereva mwenye leseni kama pikipiki yoyote. Kofia ngumu pia. Barabara haijui kwamba unakwenda taratibu.

Za umeme zitafika?

Zimeshaanza kuzagaa duniani. Taiwan, tangu mwaka 2015 kampuni ya Gogoro inaendesha vituo ambako unachomoa betri iliyoisha na kuchomeka iliyojaa, hungoji kuchaji. Bajaj nayo ililirudisha jina la Chetak mwaka 2020 kwenye skuta ya umeme. Mimi nazingoja kwa hamu: hakuna mkanda wa kubadilisha gia, hakuna kabureta, na mota ya umeme ina nguvu tangu inapoanza kuzunguka, jambo linalofaa milima yetu. Kwanza muulize muuzaji betri ni ya muda gani na nani ataibadilisha akiwa hapa, sio Dar.

Kwa nini rimu ya Vespa na bajaji ina nati nyingi hivyo?

Kwa sababu rimu ni vipande viwili. Kundi moja la nati linashikilia gurudumu kwenye habu, yaani kitovu linapozungukia, kundi jingine linashikilia vipande hivyo viwili pamoja. Tairi ikiwa na upepo ukafungua kundi hili la pili, vipande vinaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono au uso. Toa upepo wote kwanza, chomoa vali kabisa, ndipo ufungue. Nimelikataza hili gerejini kwa sauti kubwa kuliko jambo lolote.

Nina Vespa ya marehemu baba imelala stoo miaka mingi. Inafufuka?

Mara nyingi ndiyo, na tafadhali usiipige kiki kwa hamu. Toa plagi, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake, uiache usiku mzima. Asubuhi sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Ikizunguka bila kugoma, pistoni haijashikwa na kutu. Mwaga petroli ya zamani yote, imegeuka gundi. Kabureta ifunguliwe, jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, zisafishwe kwa hewa, si kwa waya, waya unapanua tundu. Sili za kranki zikikauka injini inavuta hewa ya pembeni na kupiga resi yenyewe, kwa hiyo zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima. Oili ya gia ni mililita 250, SAE 30.

Kisha igeuze ubavu na utazame chini ya sakafu. Hapo ndipo maji hukaa, na kwenye Vespa bati hilo ndilo fremu. Bisbisi ikipenya, kazi ya kuchomea itangulie kabla ya kuwasha chochote. Ya baba mdogo ilipenya sehemu tatu. Tuliichomea, tukaipiga rangi ile ile ya kijani, na kile kichupa cha kikohozi bado kilikuwa kimening'inia ndani ya boneti kwenye waya wake.